Mtihani Uko Karen, Maswali Yako Kwetu

Pale Karen kuna chuo kinaitwa Kenya School of Law. Ukimaliza digrii ya sheria bado wewe si wakili. Lazima upite hapo kwanza, ufanye karatasi tisa za mtihani wa uwakili, na wenye mtihani ni Baraza la Elimu ya Sheria. Kila karatasi ina alama mia: 20 za kujibu kwa mdomo, 20 za kazi ya mradi na 60 za kuandika. Usipofikisha 50 unarudia. Na watu huanguka kweli kweli, hata wale waliotoka chuo kikuu na digrii za kujivunia.

Karatasi moja kati ya hizo tisa ni ya kesi za jinai. Maswali yake mengi huja kama hadithi. Fulani ameshikwa Ijumaa saa kumi jioni. Hakuambiwa kosa. Simu yake imechukuliwa. Jumatano amepandishwa kizimbani, akasomewa mashtaka kwa lugha asiyoielewa vizuri, akasema ni kweli, akafungwa. Wewe ni wakili wake. Mshauri.

Sasa wewe unayesoma hii ukiwa Makina, Lindi au Laini Saba, wewe wa Kawangware kule 46, Congo na Gatina, huyo Fulani unamjua. Ni binamu yako, ni jamaa wa boda anayekubeba kila asubuhi, au ni wewe mwenyewe mwaka juzi. Hadithi ambayo mwenzako anaisoma Karen apate alama, kwako inafika saa tatu usiku bila ratiba ya mtihani na bila wa kukushauri.

Ndio maana nasema hii karatasi tuisome sisi pia. Si ati wote tuwe mawakili. Tuisome kwa sababu sisi ndio tunaitahiniwa mara nyingi kuliko wanafunzi wa Karen.

Dada mmoja wa mtaa wetu anajiandaa kwa huo mtihani. Baada ya Isha tunakaa kwa veranda ya kwao, yeye anafanya mazoezi ya kujibu kwa mdomo na mimi nacheza mshtakiwa. Diploma yangu ni ya maendeleo ya jamii, sheria sijaisomea darasani. Lakini ukicheza mshtakiwa wiki tatu mfululizo kuna kitu kinakuingia. Sisi mtaani tukisikia "sheria ya jinai" tunafikiria makosa na miaka: wizi ni miaka mingapi, bangi ni miaka mingapi. Kumbe kitabu kinachomtoa jasho huyu dada hakizungumzii makosa hata kidogo. Ni Sura ya 75, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, na kazi yake ni kusema nani anafanya nini, lini, na baada ya nini. Ni kama mlolongo wa milango. Kuna milango ambayo ukishaipita haufunguliwi tena ukirudi kubisha. Na mtu wa kwetu mara nyingi haipotezi kesi siku ya hukumu. Ameshaipoteza katika siku mbili za kwanza, kabla jamaa hawajamaliza kuchanga pesa za wakili.

Tuanze na kushikwa. Ibara ya 49 ya Katiba inasema ukishikwa uambiwe sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuwasiliana na wakili, na si wakili tu, hata mtu mwingine ambaye msaada wake unauhitaji. Kwa hivyo mama yako anahesabika. Kiongozi wa kikundi chenu anahesabika. Sura ya 75 nayo, kifungu cha 21, inasema nguvu itakayotumika kukushika isizidi ile inayohitajika. Na dada zangu, kifungu cha 27 kishikeni kwa kichwa: mwanamke akipekuliwa, anayempekua lazima awe mwanamke, na kwa kuzingatia heshima yake. Hicho si kitu cha kuomba kama hisani. Kimeandikwa.

Kisha kuna masaa 24. Hapa mtaa una imani mbili, na zote mbili zitakuangusha ukizibeba mpaka kwa mlango wa mahakama.

Imani ya kwanza ni kwamba masaa 24 ni masaa 24, basi. Ukishikwa Ijumaa saa kumi jioni, Jumamosi saa kumi uko huru ama uko kortini. Sivyo. Katiba imeweka kwamba masaa yakiisha siku ambayo si ya mahakama, au nje ya saa za kazi za mahakama, basi mwisho wake unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Wa Ijumaa jioni anaweza kukaa mpaka Jumatatu na sheria isivunjwe. Jumatatu ikiwa sikukuu, kama Idd, inakuwa Jumanne. Sasa unaelewa kwa nini misako mingi inapenda Ijumaa jioni. Hilo la misako ni maoni yangu mimi, lakini kaa na familia zinazongoja nje ya kituo Jumamosi asubuhi kisha uniambie unaonaje.

Imani ya pili ni tamu zaidi: wakipitisha masaa, kesi imekufa. Hii nayo ina historia, haikutoka hewani. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilimwachilia mtu katika kesi ya Albanus Mwasia Mutua kwa sababu alishikiliwa muda mrefu kupita ule wa katiba ya zamani kabla ya kupelekwa mahakamani. Watu wakashangilia, na washtakiwa wengi wakaanza kuomba hivyo hivyo. Lakini mwaka 2010, katika kesi ya Julius Kamau Mbugua, mahakama hiyo hiyo ikageuza mwendo: haki yako imevunjwa, ndiyo, lakini dawa yake ni kudai fidia, si kufutiwa mashtaka. Mwanafunzi wa Karen anayeandika kesi ya kwanza akasahau ya pili anapoteza alama. Wewe ukisimama kizimbani ukidai uachiliwe kwa sababu ulikaa siku tano, umetumia nafasi yako ya kuongea vibaya. Sema kwa hakimu kwamba ulikaa siku tano, iandikwe kwa faili, kisha pigania dhamana. Fidia utaidai kwa kesi yake.

Na askari wakitaka kukushikilia zaidi kabla ya kukushtaki, hawawezi kujiamulia. Wanakupeleka mbele ya hakimu na ombi la maandishi lenye kiapo, wanaeleza sababu, na wewe una haki ya kulipinga. Familia nyingi zikisikia "amepelekwa kortini" zinadhani kijana ameshtakiwa, zinaanza kumtafuta mdhamini. Hapana. Hapo bado hajashtakiwa kwa lolote. Uliza swali moja kwa karani: hii ni kesi ama ni ombi la kumzuilia? Jibu linabadilisha kila kitu mtakachofanya siku hiyo. Hata kwa tuhuma za ugaidi, zile zinazowafanya majirani wafunge milango, Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 imeweka kwamba mahakama ndiyo inaruhusu, siku zisizozidi 30 kwa mara ya kwanza, na jumla isipite 90. Neno "ugaidi" haliondoi hakimu katikati.

Kituoni kuna mambo mawili ya pesa. Bondi ya polisi ni bure. Wewe au mtu wako anaweka saini kwamba utarudi, mnaenda nyumbani. Ile nyingine ni dhamana ya pesa taslimu, na hiyo ina risiti, na kesi ikiisha pesa inarudishwa. Kwa hivyo pesa yoyote inayotoka mfukoni kwako bila risiti, wewe mwenyewe unajua ni ya nini. Uliza nambari ya OB, iandike hata kwa kiganja. Mtoto wa chini ya miaka 18 hachanganywi na watu wazima, na Sheria ya Watoto ya 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kuhesabiwa kuwa na hatia ya jinai; mzazi, chukua cheti cha kuzaliwa kabla ya kutoka nyumbani, usikumbuke ukishafika.

Kuhusu kukiri mbele ya polisi sitakaa sana. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A, inataka kukiri kufanyike mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa cheo cha inspekta na kuendelea ambaye si yule anayepeleleza kesi yako, na uwe na mtu wako wa kuchagua mwenyewe amekaa hapo. Yale ya "kubali tu hapa tuyamalize" kwenye kona ya ofisi hayamo humo.

Sasa tufike mlango ninaoutaka mimi. Kujibu mashtaka.

Namjua kijana mmoja, fundi wa simu, ameshikwa usiku akirudi kutoka Tarawehe. Kanzu bado iko mwilini. Asubuhi karatasi ya mashtaka inasema alipatikana amelewa na kufanya fujo. Mtu ambaye hajawahi kuonja pombe maisha yake yote. Karani anasoma, anamuuliza: ni kweli ama si kweli? Anajibu, ni kweli. Faini, familia ikalipa kabla ya adhuhuri, watu wakapumua, wakasema Alhamdulillah imeisha.

Kwa nini alikubali? Kwa sababu usiku ule kwa seli waliambiwa wote: ukikubali utalipa kidogo uende zako, ukikataa utalala rumande Industrial Area mpaka kesi isikizwe. Na kwa masikio ya mtu aliyekesha kwenye saruji, hiyo inasikika kama ushauri wa mtu mwema.

Ilikuwa vitisho vitupu. Soma Ibara ya 49, sehemu ya pili, ile ndogo ambayo watu huiruka: mtu hawekwi rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita. Kosa la kulewa na kufanya fujo kifungo chake hakifiki hapo, ni miezi mitatu. Angesema "si kweli", Katiba haikumruhusu mtu yeyote kumpeleka rumande. Angepewa tarehe aende nyumbani. Lakini hakuna aliyekuwa kwa seli ile anayeijua sentensi hiyo moja. Watu kumi na kitu, na hakuna hata mmoja.

Na haikuisha. Baadaye alipata kazi ya ulinzi Qatar, wakala akataka cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Alama zake za vidole zikamtoa na kesi. Kazi ikaenda kwa mwingine. Si ati alifanya kosa. Alisema maneno mawili.

Angeweza kukata rufaa? Hapa ndipo mlango unapofungwa kwa kishindo. Sura ya 75, kifungu cha 348: aliyekubali mashtaka mbele ya hakimu na akahukumiwa kwa kukubali huko, hana rufaa, isipokuwa juu ya ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Yaani unaweza kwenda Mahakama Kuu kusema faini ilikuwa kubwa. Kwenda kusema "mimi sinywi pombe" si rahisi tena. Ulishasema ni kweli.

Kuna upenyo, na huo upenyo una jina la mtu: Adan. Kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ile ya wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na mahakama moja ya juu. Hakuna mwanafunzi anayevuka Karen bila kuijua. Ilipanga hatua za kujibu mashtaka na mpaka leo mahakimu wanazifuata. Usomewe mashtaka na kila sehemu ya kosa kwa lugha unayoielewa. Maneno yako yaandikwe. Ukikubali, kiongozi wa mashtaka asome ukweli wa tukio, jinsi lilivyotokea. Kisha, na hapa ndipo watu wetu husinzia, upewe nafasi ya kupinga ule ukweli, kuueleza au kuongeza kitu. Ukipinga, hakimu anapaswa kufuta kule kukubali na kuandika kwamba umekataa mashtaka.

Kwa hivyo unaulizwa mara mbili. Mara ya kwanza ni "ni kweli ama si kweli?" Mara ya pili ni "umesikia yaliyosomwa, ni sawa?" Huyu fundi wa simu alikuwa na mlango wa pili wazi kabisa mbele yake. Kiongozi wa mashtaka alisoma kwamba alikuwa akiyumba barabarani akinuka pombe. Hapo alitakiwa aseme, hapana, sikuwa nimekunywa, nilikuwa natoka msikitini. Maneno hayo yangetosha. Na kifungu cha 207 kinataka kukubali kwako kuandikwe karibu iwezekanavyo na maneno uliyoyatumia mwenyewe. Ukisema "ni kweli lakini...", hilo "lakini" ni mali yako. Ni kweli nilimpiga lakini yeye alinijia na panga. Ni kweli hiyo baisikeli nilikuwa nayo lakini niliuziwa Toi. Mtu anayesema hivyo hajakubali kosa, ameeleza utetezi wake. Mahakama Kuu imefuta hukumu nyingi kwa sababu rekodi ilibeba "ni kweli" ikaacha "lakini" barabarani.

Na lugha: Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa Ibara ya 7, huombi msamaha kukitumia mahakamani. Ikiwa unaelewa Kinubi, Kisomali au Kiluhya vizuri zaidi, sema, utapewa mkalimani na hulipi. Usitikise kichwa kuonyesha umeelewa ili uonekane msomi. Hata baada ya kukubali, kabla adhabu haijatangazwa unaweza kumwambia hakimu unataka kubadilisha jibu lako. Anaweza kukubali au kukataa, lakini omba. Ikishatangazwa umechelewa.

Ukishakataa mashtaka mambo yanakuwa na nafasi ya kupumua. Unaomba dhamana, na sheria ni kwamba unapewa kwa masharti ya kadiri, isipokuwa upande wa mashtaka uwe na sababu nzito za kukunyima. Wao ndio wanaoeleza sababu hizo, si wewe unayejitetea. Kisha unaomba nakala za taarifa za mashahidi. Hii nayo wengi hawaijui, wanaenda kusikiliza ushahidi kama watu walioenda sinema. Ibara ya 50 inasema ujulishwe mapema ushahidi utakaotumika na upewe nafasi ya kuuona. Na kesi ambayo wanafunzi huitaja hapa inanichekesha kidogo: ni ya Thomas Cholmondeley, kitukuu cha yule Lord Delamere wa walowezi, aliposhtakiwa kwa kifo cha Robert Njoya. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufani ikasema upande wa mashtaka lazima umpe mshtakiwa ushahidi wake mapema, na yeye halazimiki kuwapa wa kwake. Mawakili ghali wa mtu wa mashamba ya Naivasha walipigania hilo, na leo mwuza mitumba wa Kawangware anaweza kusimama nalo bila kulipa hata shilingi. Litumieni.

Mengine nayapitia tu. Ukihukumiwa baada ya kesi kusikizwa una siku 14 za kukata rufaa, hesabu kuanzia siku ile. Siku ulizokaa rumande zizingatiwe kwenye kifungo chako, kifungu cha 333, mkumbushe hakimu. Hakimu akihamishwa katikati ya kesi, mpya anapaswa kukuambia una haki ya kuomba mashahidi waitwe tena.

Najua jibu lenu, nimelisikia kwa kila baraza la vijana. "Bro, hiyo ni ya vitabu. Jaribu kumtajia askari ibara ya 49 saa tano usiku pale mtaani, utaona." Nakubali. Usimtajie. Usibishane na mtu mwenye bunduki gizani, wala usikimbie. Sheria ninayoiongelea haifanyi kazi kwa kichochoro. Inafanya kazi kwa maandishi: kitabu cha OB, karatasi ya mashtaka, faili ya hakimu. Nyamaza kwa barabara, taja jina lako, kumbuka sura na saa, na akili yako uiweke kwa ajili ya mahali ambapo kuna mtu anaandika. Anayejua utaratibu haonekani shujaa usiku ule. Faida yake inaonekana asubuhi.

Na pale ambapo hakuna OB, hakuna kituo kinachokubali kuwa na mtu wenu, kuna ombi ambalo mawakili huliita kwa Kilatini habeas corpus: mleteni huyo mtu mbele ya mahakama. Ibara ya 25 inasema haki hiyo haiwezi kupunguzwa kwa hali yoyote. Agosti 2024 walichukuliwa Kitengela mwanaharakati Bob Njagi na ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton. Chama cha Mawakili kikaenda mahakamani. Jaji Lawrence Mugambi akamwita kaimu Inspekta Jenerali Gilbert Masengeli aje aeleze, hakuja, akaitwa tena na tena. Septemba 13 jaji akamhukumu kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama, akampa wiki moja ajitokeze. Septemba 20 wale watatu walikuwa wameachiliwa. Masengeli mwishowe hakufungwa, lakini watu walirudi kwao wakiwa hai. Tunajua familia ambazo ombi kama hilo halikuwarudishia mtu. Bado ndilo la kuwasilisha kwanza, na linahitaji vitu ambavyo jirani ndiye anavyo: saa, mahali, nambari ya gari, nguo alizovaa, nani aliona. Andikeni siku hiyo hiyo. Baada ya wiki kila mtu anakumbuka gari la rangi tofauti.

Niwaguse na sisi wenyewe kidogo. Kifungu cha 35 cha Sura ya 75 kinasema raia akimshika mtu amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hakuna mahali kimesema tairi na petroli. Tukitaka masaa 24 yaheshimiwe kwetu, yule kijana aliyeshikwa na simu ya mtu pale 56 naye ana masaa 24 yake.

Kwa hivyo tunafanya nini? Sura ya 75 na Katiba ziko bure kwa tovuti ya Kenya Law, zinasomeka kwa simu yoyote yenye bando. Lakini kusoma peke yako ni kavu, nendeni mahakamani. Mahakama ya Kibera iko hapo hapo, watu wa Kawangware kwa miaka mingi wamepelekwa hiyo hiyo, na kesi husikizwa hadharani kwa sababu Katiba inataka hivyo. Huhitaji barua ya mtu. Nenda asubuhi siku ya kazi, zima simu, kaa nyuma, sikiliza watu wakijibu mashtaka. Hesabu ni wangapi wanasema "ni kweli". Hesabu wangapi waliulizwa lugha wanayoielewa. Saa mbili za hapo zinafundisha kuliko semina zangu tatu na soda yake.

Kuna pia njia ya katikati ambayo vijana wetu hawaichangamkii. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria, wale wanaofundishwa na kusimamiwa ili waelekeze watu mtaani bila wao kuwa mawakili. Mtu mmoja wa namna hiyo kwa kila mtaa, anayejua njia ya kituo na sura ya karani, ni kitu kikubwa. Na wewe uliye kidato cha nne unayesema Kiswahili ni somo la kupumzikia: sheria ya chuo cha Karen inatambua B ya Kiingereza au ya Kiswahili kwa anayeingilia kwa matokeo ya KCSE, pamoja na C+ ya jumla. Ongezea digrii, na hiyo B ya Kiswahili uliyoidharau ni nusu ya mlango.

Sisi kwa upande wetu tumeanza kidogo. Huyu dada amekubali tumsikilize akijisomea, Jumamosi baada ya Asr, na anasema kufundisha kunamsaidia kukumbuka. Tunaanza vifungu vya 21 hadi 36, vile vya kushikwa, kisha 207 tukae nacho wiki mbili. Wa Kawangware wakifika kumi tutakutana kwao wiki moja, Kibera wiki nyingine. Kuja na daftari, na mmoja wenu ajitolee kuwa mshtakiwa maana mimi nimechoka kufungwa.